Plastiki ya muhogo si mrithi wa rambo

Kwa muda sasa kwenye simu zetu zinazunguka klipu za vijana wanaochemsha wanga wa muhogo au wa mahindi na siki na gliserini, wanaumwaga kwenye sinia, unakauka, halafu wanauinua dirishani unaonekana angavu kama nailoni. Chini yake komenti zinagawanyika palepale. Kundi moja linashangilia kwamba tatizo la plastiki limeisha, huyu mtoto apewe kiwanda. Kundi la pili linauliza ukimwagia maji inakuwaje, likijibiwa inalegea basi linafunga mjadala, huo ni uji uliokauka tu. Mimi naona wote wamekosea na wamekosea kwa sababu ileile, wote wanaipima hii kitu kwa kazi ya mfuko wa rambo. Ninachosema ni kwamba plastiki ya wanga ya kutengeneza nyumbani ni malighafi ya kweli na ina kazi zake, ila kubeba nyanya kutoka sokoni siyo mojawapo, na kazi zake tutazijua kwa majaribio ya kurudiarudia yaliyoandikwa yote pamoja na yaliyofeli, siyo kwa video moja ya siku iliyokubali.

Turudi nyuma kidogo. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, Kenya wakafuata tarehe 28 Agosti 2017 na adhabu yao ikashtua watu, faini hadi shilingi milioni 4 za kule au jela hadi miaka 4, na sisi Tanzania bara tukaanza tarehe 1 Juni 2019. Kiukweli ilileta mabadiliko, anayekumbuka mitaro ya Dar ilivyokuwa imejaa rambo anajua. Lakini katazo lilikuwa la mfuko wa kubebea. Vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya kilimo na vya vyakula vilivyosindikwa viliachwa, na viliachwa kwa sababu nzuri kwani huwezi kufunga dripu kwenye karatasi, ila humo ndimo plastiki ilipopata pa kukaa. Nenda gengeni leo ununue nyanya na vitunguu, mara nyingi utapewa kwenye kile kifuko cheupe laini kisicho na mikono ambacho kilitengenezwa kiwe kifungashio na sasa kimegeuka mfuko. Kwa hiyo tunapozungumzia mbadala, plastiki iliyobaki ya kupambana nayo ni hii midogomidogo ya kufungia, siyo ile ya kubebea, na hili ukilishika vizuri mjadala wote wa wanga unabadilika.

Jambo jingine ambalo nadhani lilisomwa vibaya ni lile agizo la Kenya la mwezi wa nne 2024. NEMA, mamlaka ya mazingira ya kule, ikisimamia sheria yao ya taka ya 2022, ilitoa siku 90 taka zinazooza ziwe zinatengwa na kukusanywa kwenye mifuko inayooza asilimia 100, siyo plastiki ya kawaida. Watu wakalipokea kana kwamba sasa plastiki ya mimea imeruhusiwa ichukue nafasi ya plastiki yote. Agizo halikusema hivyo. Lilisema kitu kidogo zaidi na chenye akili zaidi, kwamba mfuko uoze pamoja na kilichomo ndani yake. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda, mabaki ya chakula na majani, vitu ambavyo ingetakiwa viwe mbolea, ila vikishafungwa kwenye nailoni hakuna mtu atakayekaa achambue mfuko mmoja mmoja, vinaenda vilivyo kwenye dampo, Dandora la Nairobi au Pugu Kinyamwezi la Dar. Pale mtunga agizo alianza na kazi ndipo akauliza mfuko wa namna gani unaifaa. Sisi huku mitandaoni tunafanya kinyume, tunaanza na mfuko halafu tunautafutia sifa.

Na kuna mkanganyiko mwingine mkubwa inabidi tuuseme wazi. Ile plastiki ya jikoni na ile mifuko inayouzwa Ulaya ikiandikwa imetokana na wanga wa mahindi ni vitu viwili tofauti. Mfuko wa dukani wa aina hiyo kwa kawaida wanga wake umechanganywa na plastiki nyingine inayooza iitwayo poliesta, na hiyo poliesta mara nyingi inatokana na mafuta ya petroli, ndiyo inayoupa uwezo wa kuvumilia maji na kunyumbuka. Ya jikoni ni wanga, maji, gliserini na siki, basi. Kwa hiyo yule anayemwonyesha mtoto mfuko wa Italia anamwambia mbona wenzako wameweza anamwonea, analinganisha vitu visivyolingana. Na yule anayeuza mfuko wa kiwandani kwa hadithi ya kwamba ni muhogo mtupu naye anatudanganya.

Sasa tuingie jikoni maana hapo ndipo ubishi mwingi ungeisha kama watu wangeshika mwiko. Unamenya muhogo, unaukuna, unaukorogea kwenye maji, unakamua kwa kitambaa, unaacha maji yatulie, chini panabaki tope jeupe zito, ndiyo wanga wenyewe. Unamwaga maji ya juu unaweka mengine mara mbili tatu, na hapa usifanye uvivu kwa sababu sumu ya muhogo mchungu inaondoka na hayo maji. Muhogo mbichi una wanga kama robo ya uzito wake, kwa hiyo kilo nne zikamuliwe vizuri ndiyo upate kilo moja. Kipimo kinachojulikana ni kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vinne vya maji, kijiko cha chai cha gliserini ya duka la dawa na kingine cha siki. Unapasha taratibu huku unakoroga. Kufika nyuzi 60 na kitu ule mchanganyiko mweupe ghafla unakuwa mzito na unaanza kung'aa, chembe za wanga zimevimba na kupasuka, na minyororo mirefu iliyokuwa imejikunja ndani imeachiwa huru. Ukiupaka kwenye sinia ukakauka, minyororo hiyo inalaliana na kushikana, hiyo ndiyo plastiki yenyewe, nyembamba kama karatasi. Gliserini inakaa katikati yao iteleze, bila hiyo karatasi inavunjika kama biskuti, ikizidi inanata kama peremende iliyoachwa juani. Siki inakata matawi ya ile minyororo yenye matawi ili ilaliane vizuri zaidi, ila nayo ikizidi au ukiichemsha muda mrefu inakata hadi isiyotakiwa kukatwa.

Ndiyo maana mtu hawezi kupata jibu kwa jaribio moja, mambo ya kubadilika ni mengi mno. Aina ya wanga peke yake ni somo, muhogo una ile minyororo isiyo na matawi kama asilimia 17 hadi 20, mahindi yanafika 25 na zaidi kidogo, kwa hiyo karatasi ya mahindi huwa imara zaidi na ya muhogo huwa angavu zaidi. Weka hapo unene, kasi ya kukauka, mapovu, unyevu wa hewa. Yule binti wa Uturuki, Elif Bilgin, aliyepata tuzo ya Google Science Fair 2013 kwa plastiki ya maganda ya ndizi akiwa na miaka 16, alitumia miaka miwili, na majaribio kumi ya plastiki yake yalifeli kwanza, nyingine dhaifu nyingine zinaoza mapema. Watu wanakumbuka tuzo. Mimi yale kumi ndiyo nayaona somo lenyewe, kwa sababu bila kuyaandika asingejua cha kubadilisha kwenye la kumi na moja.

Nitasema moja tu la nyumbani. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, mwaka jana alifanya karatasi nane kwa miezi mitatu kwenye jiko la mama yake, anatumia mizani ya kupimia unga wa keki na daftari la mraba. Ya pili ilipasuka mistari kama tope la mto kiangazi kwa sababu aliiweka juani, ya nne ikaota ukungu wa kijani pembeni ndani ya siku tano, ya sita ilikuwa nzuri mpaka mvua za mwezi wa nne zilipoanza, akanipigia usiku, "Mjomba, imelegea yenyewe, sijaigusa hata maji." Ilikuwa imevuta unyevu wa hewa tu. Alikata vipande vya upana wa sentimeta mbili, anakibana kipande na kibanio cha nguo kwenye kamba, chini ananing'iniza chupa tupu ya maji anaijaza kidogokidogo mpaka kikatike, anaandika maji yalikuwa mangapi, halafu anarudia na vipande viwili vingine vya karatasi ileile. Kwenye maonyesho ya shule jaji akamuuliza swali moja, mfuko uko wapi. Hakuwa na mfuko, alikuwa na daftari. Jaji hakulifungua hata ukurasa, akahamia meza inayofuata, na mimi mpaka leo hilo linaniuma kwa sababu lile daftari lilikuwa na elimu kuliko vitu vingi vilivyoshinda siku ile.

Wanaopinga wana hoja nzito na sitaki kuzipita juu juu. Ya kwanza ni chakula. Muhogo ndio akiba ya familia nyingi Mtwara, Lindi, Pwani na kanda ya ziwa, mwaka wa mahindi kukauka ndio unaowaokoa, leo uje uugeuze plastiki? Kwa kiwango cha kiwanda kikubwa hii hoja iko sawa kabisa na anayeipuuza hajawahi kulala na njaa. Ila ina mipaka yake. Muhogo ukishang'olewa unaanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, na kila aliyelima anajua kiasi kinachooza shambani au njiani kwa kukosa gari. Kwenye mashine za kusindika kuna maganda na machicha ambayo bado yana wanga. Kokwa la embe lina wanga, mbegu za fenesi zina wanga, na msimu wa maembe tunatupa malundo. Anayeanza na vinavyotupwa hagusi sahani ya mtu. Tena mpwa wangu nimemwambia mwaka huu aache muhogo ahamie kokwa la embe, sijui kama atanisikiliza.

Hoja ya pili ni maji, na hiyo ndiyo wengi wanaiona imemaliza kila kitu. Ni kweli, ukiilowesha plastiki ya wanga inalegea kama ukoko wa ugali ulioachwa kwenye sufuria yenye maji. Haitabeba maji ya kandoro yale ya kufungwa kwenye kifuko, haitafunga barafu, haitabeba samaki. Hata viriba vya miche, ambavyo mimi mwenyewe nilivipigia debe sana mwanzoni, kwa wanga mtupu haviwezi. Nilikuwa najiambia Kenya wanataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, kila mche na kiriba chake cha nailoni kinachochanwa na kuachwa shambani, si hapa ndipo pa kuanzia? Lakini mche wa mti unakaa kitaluni miezi unamwagiwa maji kila siku, karatasi ya wanga isingemaliza wiki, na magome ya mgomba ambayo bibi zetu walioteshea miche yanaishinda mbali. Hapo inabidi kukubali. Labda ikichanganywa nyuzi za mkonge na kupakwa nta ya nyuki, ila hilo ni jaribio la kufanywa, siyo la kutangazwa.

Hoja dhaifu kuliko zote haitoki kwa wapinzani, inatoka kwa marafiki. Ni ile ya kwamba kwa kuwa inaoza basi itupe popote, ardhi itajua yenyewe. Hii ndiyo itakayoharibu kila kitu. Neno kuoza halina maana mpaka useme wapi na kwa muda gani. Plastiki ya PLA inayotokana na mahindi inahitaji joto la karibu nyuzi 60 kwenye mtambo wa mboji ndipo ioze ndani ya miezi, ukiizika nyuma ya nyumba utaikuta. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Plymouth kule Uingereza walitoa matokeo ya mifuko waliyoiacha ardhini na baharini miaka mitatu, na mfuko ulioandikwa unaoza ulikuwa bado unaweza kubeba vitu vya dukani. Kuna ile nyingine ya plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjikevunjike kwa jua na hewa, hiyo haiozi, inasagika tu inakuwa vumbi la plastiki, na Umoja wa Ulaya waliikataza kuanzia Julai 2021. Kipimo cha Ulaya cha vifungashio vya mboji, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kitu igeuke kaboni daioksaidi ndani ya miezi sita, na hapo ni kwenye mazingira ya mboji yaliyoandaliwa. Wanga mtupu na gliserini uko upande mzuri kwenye hili, wadudu wa udongo wanaula kwa sababu kwao ni chakula kweli. Lakini hata huo ukiufukia chini ya tani za taka kule Pugu bila hewa unatoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia, kama taka nyingine zinazooza. Mtu anayesema itupe popote anamfundisha mtoto tabia ileile iliyotuletea rambo mitaroni.

Basi kazi yake ni ipi? Ukisoma tabia za karatasi ya wanga bila kuwaza rambo kuna kitu kinajitokeza ambacho wengi hawakijui, inazuia mafuta na oksijeni vizuri sana ikiwa kavu. Inashindwa na maji na mvuke, ila mafuta hayapiti, na hewa inayochachisha karanga na kuzipa ule uchungu inapita kwa shida. Sasa simama kituo chochote cha daladala uangalie. Karanga, kashata, ubuyu mkavu, bisi, visheti, vyote ni vikavu au vya mafuta, vyote vinaliwa ndani ya siku chache, vyote viko kwenye kifuko cha nailoni chembamba ambacho kinaishi mkononi mwa mtu dakika tano halafu kinaishi mtaroni miaka. Kifuko hicho hakikusanywi na waokota taka kwa sababu hakina uzito wa kulipa. Hapo ndipo plastiki isiyo na haja ya kudumu inapofaa, kile tunachokiita udhaifu wake ndicho kinachotakiwa.

Tena kuna jambo dogo la mikono ambalo limenifurahisha sana. Mama anayefunga karanga nyumbani anaziba mdomo wa kifuko kwa moto wa mshumaa, anaukunja kwenye kipande cha msumeno wa chuma anaupitisha kwenye moto, nailoni inayeyuka inashikana. Wanga haukubali hivyo, unaungua. Ila ukiupitishia kidole chenye maji kidogo ukaubana unajigundisha wenyewe kama bahasha, na ukikauka ukiuvuta unachanika pembeni kabla ya gundi kuachia. Yaani hapo mshumaa hauhitajiki. Fikiria pia sabuni ya unga ya kipimo kimoja, au mbolea ya kipimo cha ndoo moja, ambapo kifuko unakitumbukiza chote majini na kinalegea na kuachia kilichomo, kile kile wanachokicheka kwenye komenti kimekuwa ndiyo sababu ya kukinunua.

Bei bado ni tatizo na sitalificha, gliserini ya kichupa cha duka la dawa ndiyo inayokula hela, wanga hauna gharama hiyo. Lakini gliserini ni zao linalotoka pembeni wakati wa kutengeneza sabuni, na sabuni tunatengeneza. Kumkutanisha mtu wa sabuni na mtu wa muhogo ni kazi ambayo SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaifahamu. TARI Kibaha, kituo cha utafiti wa kilimo, wako na mbegu za mihogo za kila aina, mtu akiandika kwenye daftari lake muhogo tu bila kutaja ni aina ya Kiroba au nini, mwenzake wa Mtwara akirudia hatapata kitu kilekile na wote watadhani mwenzao ni mwongo. TBS, shirika la viwango, nao inabidi waanze mapema kusema neno kuoza liandikwe vipi kwenye kifungashio, mahali gani na siku ngapi, kabla soko halijajaa mifuko inayosagika ikiitwa ya asili. Na majaji wa maonyesho ya shule, nawaomba kwa heshima zote, mkifika kwenye meza ya mtoto ombeni daftari kwanza, mkute majaribio manane yenye vipimo, lile la ukungu nalo limeandikwa siku lilipoota, hapo mnamtazama mtu anayejua anachofanya hata kama mezani hana mfuko.

Kwa upande wetu kazi inaendelea. Kuna mama anauza karanga kituoni karibu na kwa dada yangu amekubali kutupatia karanga za vifuko ishirini, kumi tufunge kwa nailoni yake na kumi kwa karatasi ya nane ya mpwa wangu, vikae kwenye beseni lake siku saba kama kawaida, vumbi na jasho la mikono na yote, kila jioni tunafungua kimoja kimoja tunaonja kama zimelegea au zimechacha na tunapima uzito kujua zimevuta unyevu kiasi gani. Tumekubaliana tusubiri masika yaanze, kwa sababu kiangazi hata gazeti linafunga karanga vizuri. Mpwa wangu ameshachora jedwali, safu ya mwisho ameiacha wazi ameandika juu yake maneno ya mama mwenyewe.